Pumzi Chini ya Kanga

Wanaodai majini hutembea usiku tu hawajawahi kukaa wodi ya wanawake waliopasuliwa, saa sita mchana, jua likiwa utosini. Nazira aliuguza humo miaka tisa, katika hospitali ndogo kusini ya mto Rovuma, na kilichoanza kumtia wasiwasi kilikuwa namba.

Kumi na nane. Mama mmoja wa kijiji cha Mucojo, aliyekimbia vita, alilazwa kitanda cha sita. Mchana alihesabiwa pumzi kumi na nane kwa dakika, alasiri akafa. Akafuata bibi mmoja wa kijiji cha Diaca, kitanda kilekile: kumi na nane, alasiri akafa. Nazira alizipekua karatasi zao mpaka macho yakamwuma. Mgonjwa anayezidiwa husema mapema kwa pumzi zake, ama zinakwenda mbio ama zinapungua. Hawa walikuwa wazima kwenye karatasi mpaka dakika ya kukata roho. Ajabu gani hiyo?

Desturi ya pale ni hii: mwanamke mwenye kidonda kibichi hufunikwa kanga gubigubi adhuhuri ikiingia, jini wa mchana asiione damu yake. Manesi nao waliifuata, wengine kwa imani, wengine kwa kuogopa ndimi za wakwe wa wagonjwa. Kidude cha kubana kidoleni, cha kupimia hewa ya damuni, kiliishiwa betri tangu mwezi mtukufu. Basi wakawa wanahesabu pumzi kwa kutazama kanga ikipanda na kushuka, wanaandika, wanapita zao.

Kisha akaletwa Zuleica, mdogo wake Nazira, tumbo moja baba mmoja. Asubuhi alipasuliwa kidole tumbo, akachomwa sindano kali ya maumivu. Vitanda vyote vilijaa, kikabaki cha sita. Nazira moyo ulimpasuka, lakini angemwambia nani kwamba anakiogopa kitanda?

Saa sita na nusu alisimama kando yake. Mama yao, Bi Mwanawetu, alikaa na tasbihi, na Zuleica alikuwa amefunikwa mpaka utosini. Nazira akahesabu. Kumi na nane. Palinuka mwani uliooza, na madirisha yalikuwa yamefungwa.

"Mama, amezungumza?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kalala, mwanangu. Si unaona anavyopumua vizuri?"

"Nataka kumfunua."

"Hee! Adhuhuri hii? Mwache mdogo wako, Nazira. Shule isikutoe akili."

Nazira hakuwahi kumpinga mama yake mbele ya watu. Akapitisha mkono chini ya kanga mpaka puani mwa Zuleica, akangoja. Kanga ikapanda, mkononi hapakuwa na hewa. Ikashuka, ikapanda tena, bado hapakuwa na kitu. Ikapanda mara ya tatu ndipo kikapita kiupepo chembamba, dhaifu, cha mtu anayekata roho, na Nazira, jasho likimtiririka mgongoni, akaelewa kwamba katika zile kumi na nane, za mdogo wake zilikuwa sita tu, na kwamba nyingine zote zilikuwa zikimpulizia kifundo cha mkono kutoka ubavuni, baridi, taratibu, na mwenye pumzi hizo hana haraka.

"Mama," alinong'ona, "tuko wangapi hapa?"

Hakungoja jibu. Aliivuta kanga akaitupa sakafuni. Midomo ya Zuleica ilikuwa ya zambarau, mboni zimesinyaa kama punje za ufuta. Alimtikisa, hakuitika.

"Dotori Sérgio! Njoo! Sindano imemzidi, hapumui!"

Akakiinua kidevu, akabana barakoa usoni, akaanza kuubinya mfuko wa hewa. Sérgio akafika mbio na oksijeni na dawa ya kuizimua ile sindano. Binya, achia. Binya, achia. Wallahi, dakika zile zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Ndipo Zuleica akakohoa, akavuta pumzi yake mwenyewe, na Nazira akalia waziwazi.

"Dada," Zuleica alisema kwa taabu, "kuna mtu alinikalia kifuani. Akaniambia, lala, nitakupumulia."

Bi Mwanawetu hakusikia. Alikuwa ameikodolea macho kanga iliyotupwa sakafuni. Ilikuwa inapanda na kushuka.

Jioni aliitwa mwalimu wa madrasa, Abdurrazaque. Alisoma Ayatul Kursiyu, akawanywesha Bi Mwanawetu na Zuleica kombe, maji yaliyooshewa aya, akaichoma kanga nyuma ya hospitali. Waliokuwepo wanaapa kwamba ilipokuwa ikiungua ilikohoa. Tangu siku hiyo Nazira hakubali uso wa mgonjwa kufunikwa, na akihesabu huweka mkono puani, wakwe waseme watakavyo. Kitanda cha sita hakijaua tena.

Zuleica aliporudi nyumbani, Nazira akapata siku ya kupumzika. Baada ya swala ya adhuhuri alijilaza, akajitandia kanga yake mpya, akaitazama ikipanda kifuani. Kwa mazoea tu akaanza kuhesabu. Kumi na nane. Akajicheka, akajiambia, acha woga wewe, hizi ni zako.

Akabana pumzi ahakikishe.

Kanga ikapanda.