Hodi ya Adhuhuri

Msimsikilize mtu anayekwambieni Ulaya hakuna jua. Mwaka ule London iliungua. Lami ya Tooting ililainika ikawa inanasa viatu, majani ya bustanini yakageuka rangi ya mkeka mkongwe, na redio ikawa kutwa inawasihi watu wasichezee maji. Mwanzoni Wazungu walifurahi, wakavua mashati na kulala majanini. Baadaye wakanyamaza. Wakawa wanatembea upande wa kivuli, nyuso nyekundu, hata salamu zao za kuhusu hali ya hewa zimewaishia.

Mwatima alikuwa akikaa juu kabisa, chini ya paa, kwenye vyumba viwili alivyopanga na mumewe Himid katika nyumba ya Bwana Chaman. Huyu Chaman alikuwa Mhindi wa Jinja. Alifukuzwa Uganda pamoja na wenzake, akaja na sanduku moja na mke mmoja, na sasa ana duka la mchele na viungo pale chini. Mtu mwema, ila nyumba yake ilikuwa tanuri. Nyumba za Kiingereza zimejengwa kwa kuogopa baridi, joto likishaingia halijui pa kutokea. Dirisha la chumbani lilikuwa limegandishwa na rangi ya miaka mingi, hata Himid alipolipiga kwa nyundo halikusogea.

Mwatima alifanya kila alilolijua. Aliroweka kanga akazitundika dirishani. Alitandika mkeka sakafuni akahama kitanda. Alikaa na miguu ndani ya karai. Joto likamcheka tu.

Kwa nafsi yake angevumilia. Aliyekuwa akimliza ni mwanawe, Time, aliyepewa jina la bibi yake, mtoto wa kike asiyetimiza mwaka, hajasema hata neno moja. Mwili mzima ulikuwa vipele vya joto. Alikuwa amekataa ziwa, na kilio chake kimekuwa chembamba kama cha paka aliyefungiwa. Mtoto wao wa kwanza walimzika Dar es Salaam, wakati wanahangaika kuikimbia Unguja, na Mwatima alishamwambia Mola wake waziwazi kwamba wa pili hana nguvu ya kumzika. Daktari alimwambia ampe maji na amweke mahali penye ubaridi.

"Wapi hapo?" Mwatima aliuliza kwa Kiswahili, maana Kiingereza chake kilikuwa kimekwisha.

Basi siku hiyo, jua la utosi, Himid yuko kazini kwake kwenye mabasi, Mwatima akaufungua mlango wa juu ya ngazi na kuuegemeza kwa tofali ili walau upepo upite. Akakaa chini, mtoto mapajani, anampepea kwa kipande cha boksi. Mara akasikia kutoka ngazini:

"Hodi."

Sauti ya mwanamke, mtu mzima, ya kikwetu hasa. Sasa ndugu zangu, mkae mkijua kwamba London hapana hodi. Watu hubonyeza kengele. Hata Chaman, aliyezaliwa Jinja na neno hilo analijua vizuri, hapa alikuwa anagonga kwa ufunguo. Tangu ashuke kwenye ndege Mwatima hakuwahi kubishiwa hodi, na lile neno lilipomfikia, machozi yalimtoka kabla hajageuza shingo. Hakuuliza nani. Hakungoja ya pili.

"Karibu!" akasema. "Karibu, pita ndani, mlango wazi!"

Hakuingia mtu.

Aliinuka akachungulia ngazini. Patupu. Ila aliporudi alihisi ubaridi kifundoni, kisha magotini, ubaridi mzuri, na chumba kizima kikanuka kisima: mawe majimaji, ukungu wa kuta, kamba iliyooza. Time akaacha kulia. Akafumba macho, akalala usingizi wa kushiba. Mwatima akasema Alhamdulillahi, wala hakutafuta zaidi. Nani angetafuta?

Himid aliporudi alisimama mlangoni na shati lake limemganda mgongoni, akafumba macho kwa raha.

"Umefanyaje humu?"

"Sijafanya kitu. Upepo."

"Basi usiufukuze," akasema, akajitupa mkekani na buti zake.

Siku za mwanzo zilikuwa neema tupu. Mji mzima unatokota na wao wanajifunika shuka. Lakini Bwana Chaman akapanda na ufunguo wake, ko ko ko, uso umemkunjamana.

"Dada Mwatima, wewe naoga mara ngapi? Redio nasema maji hakuna, na maji naanguka juu ya mchele yangu!"

"Bwana Chaman, wallahi leo sijafungua hata bomba."

Chaman akatazama nyuma yake, kwenye ngazi. Palikuwa na nyayo, nyayo za mtu aliyetoka kuoga, zimepanda kutoka chini mpaka mlangoni. Akanusa. Akaona pumzi yake mwenyewe inatoka mvuke, mwezi wa Julai, na ile hasira yote ikamshuka.

"Hapa iko nini?" akanong'ona. Hakungoja jibu, akashuka akikanyaga pembeni pembeni ili asiziguse zile nyayo.

Toka hapo Mwatima akaanza kuona. Akiacha bilauri ya maji mezani, akigeuka ni tupu na ukingo wake una utando wa kijani. Time akawa hamtazami yeye. Anatazama pembe ya chumba, nyuma ya kabati, anacheka, anapunga mkono, anakodoa macho kwenye kitu kilichoinama karibu naye, na midomo yake inachezacheza kama ya mtoto anayefundishwa. Na usiombe: Mwatima alipomnyanyua siku moja baada ya sala ya adhuhuri, alimkuta baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu, kucha za buluu, vipele vyote vimekauka, na ziwa alilopewa akalisukuma kwa kiganja.

"Himid, mtoto anagandishwa. Humu ndani tuna mtu."

"Mtu gani? Sisi tuliotoka kwenye mapanga ya Unguja, leo tukimbie upepo wa Tooting?" Lakini alisema kwa sauti ya chini, na macho yake hayakwenda upande wa kabati.

"Basi mshike mwanao. Mshike uone."

Himid akamshika. Akamrudisha haraka, akavaa viatu. "Twende kwa daktari. Sasa hivi."

Wakatoka mbio, Mwatima mbele na mtoto amemkumbatia ndani ya kanga, na walipofika katikati ya ngazi, pale ubaridi unapoishia na joto la nyumba linapowangoja kama mdomo wa jiko, mwili wa Time ukawaka mara moja, ukawa moto usioshikika, macho yakapinduka, miguu ikakakamaa, na degedege likamkamata mikononi mwa mamake, anatupwa huku na huku, povu mdomoni, na Mwatima anapiga kelele na Himid anapiga kelele, mpaka yeye Mwatima, bila kujua anafanya nini, akageuka akapanda ngazi akarudi kule kwenye baridi, na degedege likaacha, na kutoka pembeni, nyuma ya kabati, akasikia mtu akishusha pumzi ya kuridhika.

Ndipo alipoelewa. Ndani mwanawe anakufa kwa baridi, na nje atakufa kwa moto. Aliketi palepale, akamfunika kwa makoti, mablanketi, zulia la sala, chochote, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Himid hakusema tena habari za mapanga. Alikwenda Croydon, akarudi na Bi Kijakazi, mama mmoja wa Wete, Pemba, aliyejulikana kwa kusomea wenye majini, aliyekuwa akiishi huko na mwanawe, bibi mfupi aliyevaa koti la mvua juu ya buibui katika jua lile. Hakubisha hodi. Alisimama kizingitini akatoa salamu ya Mungu, kisha akavuta pua.

"Shikamoo, Bi Kijakazi."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakubishia hodi?"

Mwatima akaonyesha ngazi kwa kidevu.

"Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Ukamkaribisha kwa hodi ya kwanza? Hodi ni tatu, Mwatima. Mamako hakukufunza?"

"Alinifunza. Lakini nilikuwa sijaisikia tangu nitoke kwetu, Bi Kijakazi. Ningeacha kuitikia vipi?"

Bibi akavua koti lake. Macho yake yalilainika, naye akaketi kwa kujivuta. "Ndivyo wanavyotupata. Huyu ni jini wa kisimani, na visima vyote vimekauka, naye pia anatafuta pa kukaa. Sasa sikiliza. Sitamsomea nikamchapa. Angeingia kwa wizi ningemtoa kwa fimbo, lakini kaingia kwa ruhusa yako, na mgeni wako huna haki ya kumtimua. Ila mgeni siku mbili, siku ya tatu..."

"Mpe jembe," Mwatima akamalizia, kwa mazoea tu.

"Haya, mpe. Mpe kazi ambayo haiishi, na mdomo uliomkaribisha ndio huo umtume. Una kifumbu?"

Alikuwa nacho, kifumbu cha kukamulia tui, cha ukindu, alichokileta kutoka kwao wakati watu wenzake wanabeba dhahabu. Bi Kijakazi akakiweka kizingitini. Akafukiza ubani na akasoma polepole, na kadiri alivyosoma ndivyo baridi ilivyokaza, kioo cha dirisha kikapauka, na meno ya Himid yakawa yanagongana.

Mwatima akasimama mbele ya kabati. Time kifuani, hapumui ila mara moja moja.

"Mgeni wangu," akasema, "umekaa, umestarehe, sikukunyima kitu. Kwetu mgeni wa siku ya tatu hushika jembe. Shamba sina. Chukua kifumbu hicho ukaniletee maji. Kikijaa, rudi. Kisipojaa, usirudi."

Kisha ile sauti, ya kikwetu, ya mtu mzima, karibu na sikio lake, nywele zikamsimama:

"Maji ya nani?"

"Ya mwanangu."

"Nitarudi nayo."

Kitu kilimpita begani kimelowana. Nyayo zikatokea sakafuni moja baada ya moja, zikavuka kizingiti, zikashuka ngazi, na kule chini Bwana Chaman akasikika akiita miungu yake. Kifumbu hakikuwepo tena. Halafu joto likarudi, lote kwa pamoja, likawaangukia kama godoro, na Time akafungua kinywa akalia kilio kikubwa, cha hasira, cha mtoto mwenye njaa. Akalishika ziwa. Mwatima alitokwa na jasho mpaka miguuni, akacheka, akalia, akalibusu lile jasho shingoni mwa mwanawe.

"Kaahidi kurudi," Himid akasema.

"Kifumbu hakishiki maji," akajibu Bi Kijakazi, anavaa koti lake. "Lakini fungeni mlango, hata mkichemka. Mkisikia hodi, msiitikie. Asipoitikiwa mara tatu mpaka akashuka ngazi zote, njia yake imekatika, hatoipata tena. Nyote mliomo humu, mmenisikia?"

"Tumekusikia."

Walichemka kweli. Mlango ulifungwa, tofali likatupwa, na Mwatima akarudia kanga zake mbichi na karai lake bila kunung'unika. Time akanenepa. Vipele vikarudi, na mamake akavipaka poda kwa furaha.

Mwisho wa Agosti mvua ikaja. Ilianza mchana, matone makubwa yenye vumbi, kisha ikamwagika, na watu wa mtaa wakatoka nje na nguo zao, wazee kwa watoto. Himid alikuwa kazini. Mwatima alimwona Bwana Chaman kutoka dirishani, amesimama katikati ya barabara, miwani imelowa, amekinga mikono. Akamweka Time kitandani, akaegemea kioo akacheka naye kwa mbali.

Chumba kikanuka kisima.

Aligeuka. Ngazini akasikia mtu anapanda, polepole, kama aliyebeba kitu kizito, na kwenye kila kidato anakitua na kukinyanyua tena, mpaka akafika juu, akakitua mbele ya mlango. Mwatima akainama, akatazama kwenye uwazi wa chini. Aliona ukindu. Kifumbu chake kilikuwa pale, kimesimama wima, kimejaa, na maji yake yameganda barafu nyeupe hata hayavuji tone.

"Hodi."

Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Hodi."

Akapiga magoti, akang'ata kiganja mpaka akasikia ladha ya damu, na moyoni anasoma kila aya anayoijua na asiyoijua, anazichanganya, anaanza upya, mvua inapiga paa, na ubaridi unamtambaa mapajani, na yeye anasema kimoyomoyo bado moja, Mola wangu, imebaki moja tu.

"Hodi."

Hakuitikia. Alingoja. Nje ya mlango kifumbu kikakwaruza sakafu kikinyanyuliwa, na hatua ya kwanza ikashuka kidato. Mwatima akaitoa mikono mdomoni, akavuta pumzi.

Nyuma yake, kitandani, Time alikuwa ameketi, anautazama mlango, anacheka. Mtoto asiyewahi kusema mama wala baba akafungua kinywa na kusema kwa sauti safi, neno baada ya neno, kama alivyofundishwa:

"Karibu. Pita ndani. Mlango wazi."