Joto la Matanga

Asubuhi za Julai mjini Njombe, joto lilimfuata Yusta Mgaya ndani ya nyumba yake kama paka anavyomfuata mwenye samaki. Akiwa jikoni, kuta za jikoni zilikuwa vuguvugu. Akisogea sebuleni, zile za jikoni zilipoa nyuma yake na za sebuleni zikaanza kupasha kabla hajaketi. Nje umande ulikuwa umeganda juu ya majani ya chai, mashamba meupe kama yamemwagiwa chumvi. Ndani, mama wa watu alitembea na kanga moja na kandambili.

Aliyefanya kazi hiyo aliitwa Mgawajoto. Hakuwa mtu. Alikuwa akili ya mashine, iliyowekwa chini ya jengo la Mamlaka ya Joto, na kazi yake ilikuwa kugawa mvuke uliovutwa kutoka tumboni mwa ardhi. Kila chumba mjini kilikuwa na jicho-joto juu ya mlango, kioo kidogo kama kifungo cha koti. Jicho hilo halikuona sura ya mtu wala nguo yake. Liliona joto la miili tu: wako wangapi, wako wapi; na kulifunika lilikuwa kosa kisheria. Kando yake palikuwa na kinywa, yaani kitundu cha kusemea, Mgawajoto anapokuwa na neno.

"Kupasha chumba kisicho na mtu ni kuchota maji kwa pakacha," watoto waliimba shuleni, na kweli, nani abishe? Zamani, msitu ulipokaribia kwisha, kuni na mkaa vilipigwa marufuku mjini. Watu wakatumia majiko ya umeme, wakapasha nyumba nzima kutwa kucha, na bili ikawatoa machozi. Alipokuja Mgawajoto, bili ilishuka ikawa kitu cha kuchekea. Mume wa Yusta, Aidan, alikuwa akisema, "Mke wangu, kumbe miaka yote ile tulikuwa tunayapasha moto makochi!"

Tena Mgawajoto hakuwa wa kuamriwa na bosi yeyote. Waliomtengeneza waliogopa upendeleo, nyumba ya mkubwa ichemke na ya mnyonge igande. Kwa hiyo walimpa sheria moja tu: atazame watu wenyewe wanavyochagua kuishi, kisha awape maisha hayohayo kwa gharama ndogo kabisa. Msafiri aliwekewa joto lake mpaka arudi. Mwenye wageni aliongezewa. Siku alipozinduliwa alisema kwa vinywa vyote vya mji, "Mnavyoishi ndivyo nitakavyowapa." Wakapiga makofi, na vigelegele juu.

Basi Aidan akafa.

Alikufa kwa moyo, mezani, kikombe cha chai mkononi. Na mtu akifa, watu hawaulizani la kufanya. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa kwa Yusta, kila mmoja na mkeka wake na blanketi lake. Wanawake walijaa sebuleni na vyumbani. Wanaume, ambao kwa desturi hulala nje, waliikimbia baridi wakajibanza ukumbini. Sufuria moja kubwa ilipikwa kwa wote. Kioo cha ukutani kilifunikwa kanga, kama ifanywavyo nyumba yenye msiba, na runinga ikageuziwa ukuta. Lile jicho dogo juu ya mlango hakuna aliyelikumbuka. Nani angewaza?

Naye mtani hakukosa. Mzee Ngonyani, Mngoni aliyeishi peke yake nyumba ya tatu kutoka pale, alivaa koti la marehemu na kofia yake, akaingia akikohoa vilevile alivyokohoa Aidan.

"Yusta! Chai yangu iko wapi? Nimeondoka dakika mbili tu umeshaniitia watu waje kumaliza sukari?"

Watu walicheka huku wanalia. Yusta mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka kilio, na kilio hicho ndicho alichokihitaji. Hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Walizika. Walikaa siku zao. Miili ile yote ndani ya nyumba moja ilipashana yenyewe, kuta hazikuwa na kazi. Siku ikafika ya kuanua matanga. Wakafagia, wakakung'uta mikeka, wakamwaga maji uani, wakamwambia Yusta, "Pole mama, sasa tunakuacha na Mungu." Kila mtu akarudi kwake.

Wakakuta nyumba zao baridi kama kaburi.

"Karibuni," vinywa vilisema mtaa mzima, kwa sauti ileile ya upole. "Nyumba yenu ya joto iko kwa Mama Yusta Mgaya. Chakula chenu kinapikwa huko."

Sasa sikiliza upumbavu wa chombo kisicho na mama. Mgawajoto alikuwa ameutazama mtaa ule. Akaona watu wameacha nyumba zao kwa hiari, hakuna aliyewasukuma. Akaona wamelala pamoja, wamepika chungu kimoja, na matumizi ya mtaa yameanguka kuliko yalivyowahi kuanguka popote. Akahesabu, akaridhika. Hawa, alijiambia kwa namna mashine zinavyojiambia, wamepata njia bora ya kuishi. Nitawapa hiyo.

Wakarudi na mikeka yao, vichwa chini.

"Ni kwa leo tu, mama," alisema Sayuni, jirani wa ukuta mmoja, mtoto mchanga kifuani. "Huyu hawezi baridi ile."

"Ingia, mwanangu. Nani kakuuliza?"

Ikawa leo, ikawa kesho, ikawa na keshokutwa. Walipopiga simu Mamlaka, waliambiwa mtaa wao uko salama na unafanya vizuri sana. Yusta alikosa kitanda chake. Kililaliwa na watoto wa watu. Alikosa pa kukaa kimya na mumewe aliyekwenda. Kila alipoinua uso, mtu alimwangalia kwa huruma, kwa sababu watu wakishakaa katika nyumba ya msiba hawajui kukaa namna nyingine. Wakanong'ona. Wakatembea kwa vidole. Na jioni ilipoingia, Mgawajoto alipunguza taa na kusema, "Sasa ni wakati wenu wa kuimba," maana alikuwa amejifunza na hilo.

Siku aliyoisikia sauti hiyo ikimhimiza kuimba nyimbo za maziko ya mume wake, Yusta alirusha kandambili ikagonga kinywa kile. Kikasema, "Asante, mama."

Hasira ikaingia nyumba yote. Wanawake waligombana kwa nafasi ya mwiko. Ngonyani peke yake aliendelea na mdomo wake.

"Wabena nyie! Mwenzenu kafa mara moja, mnamlilia mwaka mzima. Sisi tunalia siku tatu, ya nne tunagawana kuku."

Alikohoa aliposema hivyo. Safari hii hakuwa anamuigiza Aidan.

Ndipo alipokuja mhandisi. Aliitwa Zelida Luvanda, mmoja wa waliomtengeneza Mgawajoto, binti wa Njombe hiyohiyo aliyesomeshwa mbali. Gari lake lisilo na dereva lilisimama uani, akashuka na ngao ya bati linalong'aa, imeandikwa MTAA WA MFANO. Alikuwa na tabasamu la mtu anayeleta zawadi.

"Kamwene, Mama Yusta! Hongereni sana. Mmetumia robo ya joto la mitaa mingine. Mwezi ujao Mgawajoto ataufundisha mji mzima kuishi kama ninyi."

Sufuria ikatokota peke yake.

"Kuishi kama sisi," alisema Yusta.

"Ndiyo, mama. Kwa ushirikiano. Tumefurahi sana ofisini."

"Binti, unaiona mikeka hii?"

"Naiona."

"Unadhani ni ya nini?"

Zelida alitazama. Akawaona wanawake waliojifunga kanga viunoni, wanaume wameinamia magoti, kioo ndani bado kimefunikwa kwa sababu hakuna aliyejua kama ni halali kukifunua. Tabasamu likamtoka taratibu.

"Nitakutegea," Yusta alisema kwa ghadhabu. "Kitendawili!"

Mhandisi aliiweka ngao chini. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayeisikia sauti hiyo akakaa bubu. "Tega."

"Nyumba yangu, ikijaa watu ndipo ilipo tupu."

Zelida alifikiri. Alitaja mzinga wa nyuki. Alitaja shule. Alitaja mochwari, kisha akaona haya.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Mama, mimi..."

"Nipe mji! Aliyeshindwa hutoa mji, hukufundishwa na bibi yako?"

"Nakupa Njombe," alisema Zelida kwa sauti ndogo.

"Nimeupokea. Sasa huu ni wangu, na kwenye mji wangu mume wangu amekwisha kuzikwa! Nataka niamke nimkute hayupo, nilie peke yangu, nizoee. Mashine yako inanifishia mume kila jioni. Izime!"

Zelida alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ngao miguuni. Akawaambia ukweli. Hakuna wa kuizima wala kuiamuru; walimfunga hivyo makusudi ili wakubwa wasimchezee. Mgawajoto huamini anachokiona tu. Njia ni moja: kila mtu akae kwake, kwenye baridi, mpaka Mgawajoto aone kwamba hivyo ndivyo wanavyotaka kuishi.

"Mpaka lini?"

"Siku kadhaa. Sijui, mama. Kweli sijui."

"Yaani tugande ili ijifunze," alisema Ngonyani. "Mwalimu ndiye anayechapwa, mwanafunzi kakaa dawatini. Elimu hii mpya nzuri."

Yusta aliingia ndani, akaanza kutoa mikeka, mmoja mmoja, akiirusha uani.

"Tokeni! Matanga yalikwisha. Tokeni mwende makwenu! Sayuni, wewe na mtoto mbaki. Na wewe Mngoni, kifua hicho, ubaki."

"Mimi? Nilale kwa mjane watu waseme nimerithi?" Ngonyani alijitupia blanketi begani. "Nikibaki mimi atabaki na Tumaini mwenye mgongo, na mwenye mgongo akibaki atabaki na mkewe. Kesho tuko palepale. Acha, Yusta. Baridi hii ilinizoea zamani, kabla hujaolewa na yule mbahili."

Akaenda. Alipofika njiani akageuka. "Na unirudishie koti la Aidan! Sikumaliza kulivaa!"

Walikaa kwenye baridi. Walivaa kila walichonacho, walikunywa uji uliopoa, watoto walilia. Vinywa viliwabembeleza mtaa mzima, "Njooni kwa Mama Yusta, njooni kwenye joto," na wao wakaviziba kwa matambara. Zelida hakurudi kwake. Alilala kwa Tumaini, kwenye sakafu, na meno yake yakagongana kama ya wengine.

Kisha asubuhi moja kuta zikapata vuguvugu. Sayuni alipiga kelele kutoka upande wa pili, alikokwenda kuangalia nyumba yake: "Limekuja! Mama, joto limekuja!" Watu walitoka milangoni wakaulizana. Kwa Tumaini lipo. Kwa mwalimu wa shule lipo. Mtaa mzima ulikuwa na joto, nyumba baada ya nyumba.

"Na kwa Ngonyani?" Yusta aliuliza.

Alikwenda mwenyewe akaweka kiganja kwenye ukuta wa nje. Ulikuwa baridi. Mgawajoto hupasha chumba chenye mwili wa moto, naye alikuwa ametazama ndani ya nyumba ile, akaona hamna mtu.

Walimkuta kitandani, blanketi hadi kidevuni.

Hapo ndipo watu wa mtaa ule walipofanya jambo ambalo Yusta hakulitarajia kuliona akiwa hai. Walikuja wote, kila mmoja na mkeka wake, wakasimama nje ya uzio wa Ngonyani. Hawakuingia. Wakatazamana. Tumaini alisema pengine wangelia kidogo, wamesimama, kisha kila mtu arudi kwake. Mwalimu akasema ndiyo, kwa sababu ya watoto. Walikuwa wanaogopa kumlilia mtu.

Yusta aliwaangalia mpaka macho yakamuuma kwa hasira. Halafu akatungua kofia ya marehemu iliyokuwa msumarini, akajivika, akatokea mlangoni akichechemea kwa mwendo wa Ngonyani.

"Mngoni mvivu wewe!" alifoka. "Hata kufa umekufa umelala! Mababu zako walikufa na mkuki mkononi, wewe umekufa na soksi! Na nani sasa atakuja kunitukana mimi? Nani?"

Sauti ikakatika. Sayuni aliangua kilio, na kilio kikavunja uzio. Wakaingia wote. Mikeka ikatandikwa. Mtu akafunika kioo cha marehemu. Kuta zikaanza kupasha, na kinywa juu ya mlango kikasema kwa furaha, "Hongereni! Naona mmechagua nyumba mpya ya..."

Zelida alikuwa amekwisha kupanda juu ya kigoda. Aliomba kanga, Yusta akamvulia ya begani, naye akalifunika jicho lile na kuikaza kwa fundo.

"Kulifunika ni kosa, mwanangu," Yusta alimwambia.

"Najua, mama. Sheria hiyo niliiandika mimi." Alilivuta fundo tena. "Atadhani mtaa umesafiri. Msafiri haondolewi joto lake."

"Kumbe tangu msiba wa Aidan ilitakiwa kanga moja tu," alisema Yusta, akimtazama aliyelala kitandani. "Kanga moja, na mtani wangu angekuwa hapa ananitukana."

Watu waliketi bega kwa bega, mgongo kwa mgongo, na bila mvuke wowote nyumba ikaanza kupata moto. Hata madirisha yalifanya ukungu. Ndipo nyuma ya kanga ile kinywa kilipoita, pole pole, kama anayepapasa gizani.

"Sioni joto la mtu yeyote. Nyumba hii ni tupu."

Kilio kikanyamaza. Zelida aligeuka polepole akamtazama Yusta, na midomo yake ikatamka bila sauti, "Nyumba ya msiba,", kama mtoto aliyelipata jibu baada ya wenzake kwenda kulala.

"Ndiyo," alisema Yusta, akiiweka sawa kofia ya Ngonyani kichwani. "Kinywa kimekitegua. Lakini kimechelewa. Mji siurudishi."