Chini ya Taa ya Vifaranga

Rafiki yangu Tamimu, fundi umeme wa Singida mjini, hapendi kuulizwa habari za Ilongero. Alinisimulia mara moja tu.

Huko Ilongero, kijijini, Mama Rukaiya alikuwa akilea vifaranga ndani ya gari-nyumba kuukuu lililoachwa na watalii. Kundi la kwanza lilikufa kwa baridi ya Julai, ndipo akamwita Tamimu afunge kidhibiti joto, ili taa ya vifaranga iwake yenyewe baridi ikizidi.

"Shikamoo, mama. Kuku wako wanaishi kitalii."

"Marahaba. Watalii hawafi kwa baridi, baba. Hawa wakinifia tena, naacha ufugaji."

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi. Tamimu alipokata umeme aunge nyaya, mchana ukageuka giza tupu, giza lililojaa milio ya vifaranga. Kisha milio ikakoma. Mlango ukagongwa, taratibu.

"Hodi."

"Karibu," akajibu, mikono ikiwa kwenye nyaya, kama ambavyo yeyote angejibu.

Hakuna aliyeingia. Ndipo alipotambua kwamba sauti haikutoka nje. Ilitoka nyuma yake, ndani ya choo cha gari.

"Mama, kuna mtu chooni?"

"Mtu gani?" Mama Rukaiya alijibu kutoka uani. "Mlango wake nimeuziba kwa magunia ya pumba tangu Mei."

Tamimu akarudisha umeme, taa ikawaka. Vifaranga wote walikuwa hai, wamebanana ukutani, kwenye baridi. Chini ya taa, penye joto, hapakuwa na hata mmoja, na maranda ya mbao yaliyotandazwa pale yalikuwa yakididimia polepole, kama godoro linapokaliwa.