Mkunde Ang'oa Isale

Mkunde alikuwa msichana mdogo mwenye mdomo mdogo. Siku ile mdomo wake ulikuwa umenuna.

Hakuwa mtoto wa kununanuna. Lakini siku ile alinuna tangu asubuhi, na siku ile ilikuwa Krismasi.

Kwao ni mlimani, Kilimanjaro, kwenye migomba mingi na kahawa. Nyumba ya juu ni ya Baba na Mama. Nyumba ya chini ni ya baba mdogo Elinami, ndugu yake Baba.

Karibu na nyumba ya chini kuna kijumba cha Bibi. Kina jiko la kuni, na paka mvivu mlangoni.

Kati ya juu na chini kuna mstari wa masale. Isale ni mmea wenye majani marefu ya kijani. Wachaga huupanda mpakani, kuonyesha hapa ni kwangu na pale ni kwako.

Masale hayakuwahi kumzuia Mkunde. Kila siku aliyapita, fyuu, kwenda kucheza na Ndeshi. Ndeshi ni mtoto wa baba mdogo, na ni rika lake.

Kila Krismasi ilikuwa hivi: mbuzi mmoja, moto mmoja, uani kwa Bibi. Mama na Mama Ndeshi walinunua kitambaa kimoja, wakashona magauni mawili yanayofanana.

Na mbuzi ana figo mbili. Bibi alizichoma kwenye makaa, chwii, chwii. Moja ya Mkunde, moja ya Ndeshi, na hakuna mtu mzima aliyethubutu kuzigusa.

Ndiyo ilikuwa desturi ya kwao. Mkunde alidhani itakuwa hivyo siku zote.

Lakini mwaka huu Baba aliyatazama masale, akasema yamesogezwa. Akasema aliyeyasogeza ni baba mdogo.

Baba mdogo akasema hajasogeza kitu. Baba akapaza sauti. Baba mdogo naye akapaza sauti. Maneno mabaya yakatoka, tena mbele ya Bibi, na maneno yakishatoka hayarudi mdomoni.

Tangu siku hiyo Baba hakutaja tena jina la ndugu yake. Alisema tu, "yule wa chini." Na baba mdogo alisema, "yule wa juu."

Mtoto akinuna huambiwa aache mara moja. Watu wazima wakinuna, hununa kwa bidii, na hakuna wa kuwaambia kitu.

Mama alimkataza Mkunde kuvuka masale. Alisema kwa upole, lakini hakumtazama usoni.

Asubuhi ya Krismasi Mkunde akakaa kizingitini, akashika mashavu yake.

"Krismasi gani hii?
Siitaki. Ni chungu."

Kisha walikwenda kanisani. Kengele ililia, ng'aa, ng'aa, ng'aa. Baba akaketi benchi za kushoto. Baba mdogo akaketi benchi za kulia.

Mkunde alivaa gauni jekundu. Akachungulia upande wa pili, akamwona Ndeshi. Ndeshi alivaa gauni la njano.

Hayakufanana hata kidogo.

Padre akawaambia watu wapeane mkono wa amani. Baba akampa mkono jirani wa mbele. Akampa mkono jirani wa nyuma. Akampa mkono hata mtoto mchanga aliyekuwa amelala.

Lakini hakuvuka kwenda benchi za kulia. Na baba mdogo hakuvuka kuja za kushoto. Kisha wote wawili wakaimba wimbo wa amani, kwa sauti kubwa kabisa.

Mkunde hakuimba. Alisema moyoni:

"Krismasi gani hii?
Siitaki. Ni chungu."

Walipofika nyumbani, Baba alichinja mbuzi wake. Kule chini, baba mdogo alichinja mbuzi wake. Moshi mmoja ukapanda kutoka nyumba ya juu, moshi mwingine kutoka nyumba ya chini.

Mama akamletea Mkunde sahani. Ndani yake kulikuwa na figo mbili.

Mkunde alizitazama. Moja ilikuwa yake. Ile nyingine haikuwa yake, na alimjua mwenye nayo.

Hakula hata moja. Figo zikapoa, zikawa ngumu.

Mama hakumgombeza. Alijaza nyama na ndizi kwenye bakuli, akamtuma Mkunde ampelekee Bibi. Akamwambia azunguke barabarani, asipite kwenye masale.

Mkunde akazunguka. Njia ilikuwa ndefu, na bakuli lilikuwa la moto.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya kijumba chake. Alishika kikombe cha chai ya rangi. Pembeni yake kulikuwa na bakuli jingine, limefunikwa, limetoka nyumba ya chini. Lilikuwa limejaa, halijaguswa.

"Bibi, mbona huli?" Mkunde aliuliza.

"Nikila cha juu, wa chini ataumia," Bibi alisema. "Nikila cha chini, wa juu ataumia. Nimeshiba chai."

Hakuwa ameshiba. Mkunde alilisikia tumbo la Bibi, ngurr, ngurr.

Mkunde akauliza mtu mwenye hasira anatulizwaje. Bibi akanyoosha kidole kuelekea mpakani. Akasema isale si la mpaka tu. Mtu akimkosea mwenzake, huchukua isale akampelekea, akaomba msamaha. Na anayepelekewa hawezi kukataa.

"Hata kama ana hasira sana?"

"Hata kama ana hasira sana. Isale halikataliwi."

"Basi Baba ampelekee baba mdogo. Au baba mdogo ampelekee Baba."

Bibi akatazama chai yake.

"Isale hubebwa na mwenye kosa, mjukuu wangu," alisema. "Na mimi nina watoto wawili wasio na kosa."

Mkunde aliondoka kwa Bibi. Hakuzunguka barabarani. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye masale.

Alitaka jani moja tu. Angempa Baba, au angempa baba mdogo, yeyote atakayekubali kulibeba.

Akalishika jani moja, akavuta. Halikukatika. Akakumbatia shina lote kwa mikono miwili. Vuta. Vuta tena.

Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo ulikuwa laini.

Pwaa! Isale zima likang'oka na mizizi yake. Mkunde akaanguka chali kwenye matope na gauni lake jekundu.

Akainuka. Akaona shimo pale mpakani.

Mlimani hata mtoto anajua. Isale la mpaka halichezewi wala haling'olewi. Kwa jambo hilo majirani wamenyimana salamu hadi wakazeeka.

Hakuna aliyemwona. Mkunde akalirudisha isale shimoni, akalisimamisha. Likalala. Akalisimamisha tena. Likalala tena.

Mkunde akalia. Alilia kwa sababu ya shimo, na kwa sababu ya gauni, na kwa sababu ya Bibi na chai yake ya rangi.

"Krismasi gani hii?
Siitaki. Ni chungu."

Alipomaliza kulia, akafuta kamasi kwa mkono. Akalichukua isale pamoja na matope yake, akateremka hadi uani kwa baba mdogo.

Ndeshi ndiye aliyemwona kwanza. Akaacha kutafuna. Mama Ndeshi naye akaacha kukoroga sufuria.

"Umelitoa wapi hilo?" baba mdogo aliuliza.

"Mpakani," Mkunde alisema.

Baba mdogo akapanda hadi mpakani kwa hatua ndefu, Mkunde akimfuata nyuma. Akaliona shimo. Akamwita yule wa juu kwa sauti nzito, aje aone alichofanya mwanawe.

Baba akateremka mbio. Alipofika kwenye masale, akasimama. Baba upande huu, baba mdogo upande ule, na shimo katikati.

"Umemtuma mtoto ang'oe mpaka," baba mdogo alisema.

"Nimtume mimi?" Baba alisema. "Wewe ndiye hodari wa kuhamisha mpaka."

Sauti zikaanza kupanda tena. Kuku wakakimbia, kwa kwa kwa. Mama akatoka nje, na Mama Ndeshi akapanda kutoka chini.

Mkunde aliliinua isale kwa mikono miwili, akamnyooshea baba mdogo.

"Baba mdogo, nimekosa," alisema. "Nimeng'oa mpaka. Naomba unisamehe."

Baba mdogo alilitazama isale, akamtazama Mkunde na gauni lake la matope. Mikono yake haikutaka kuinuka, lakini isale halikataliwi. Akalipokea.

Mkunde akavuta jani moja la isale lile, na sasa likakatika. Akageuka.

"Baba, nimekosa. Naomba unisamehe."

Baba naye akapokea.

Wanaume wawili wakubwa wakasimama, mmoja na isale, mmoja na jani, hawajui pa kuviweka.

"Mimi nimekosa na nimesema," Mkunde alisema. Sauti yake sasa ilikuwa na hasira. "Nyinyi ni wakubwa na hamsemi. Na Bibi hajala tangu asubuhi."

Baba mdogo akatazama chini, kwenye kijumba. Bibi alikuwa palepale kwenye kigoda chake, na kikombe mkononi. Baba mdogo akamtazama kwa muda mrefu.

Kisha akalinyoosha isale juu ya shimo.

"Kaka," alisema, "niliyasogeza. Kidogo tu. Nilitaka nafasi ya banda la ng'ombe, halafu nikaona aibu kusema."

Baba akafungua mdomo. Mkunde aliona kabisa kwamba anataka kusema, si nilisema mimi. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno.

Baba akayameza. Yalikuwa machungu, uso wake ulionyesha.

Akalipokea isale. Kisha akamnyooshea ndugu yake lile jani lake.

"Na mimi nilikutukana mbele ya mama yetu," alisema. "Nisamehe, Elinami."

Elinami. Baba amesema Elinami. Mkunde alilisikia kwa masikio yake mawili.

Usidhani walikumbatiana. Hawakukumbatiana, wala hawakucheka. Baba alikwenda kuchukua jembe, basi.

Walichimba mahali pa zamani, pale mpaka ulipokuwa kabla ya kusogezwa; masale mengine wangeyarudisha baadaye. Mkunde akalishika isale lisimame wima. Baba akarudishia udongo, baba mdogo akaushindilia kwa mguu, pu, pu, pu. Safari hii isale halikulala.

Kisha Mama akateremka na sufuria yake, moja kwa moja kwenye masale, bila kuzunguka. Mama Ndeshi akaleta ya kwake. Wakaziweka zote mbili uani kwa Bibi.

Bibi akaonja ya juu. Akaonja ya chini. Wote wakamtazama.

"Hii imezidi chumvi," Bibi alisema. "Na hii imepungua chumvi. Changanyeni."

Wakachanganya. Bibi akala. Akala sana, akaongeza, akanyonya mifupa, fyo, fyo, fyo.

Mama na Mama Ndeshi walianza kuongea kwa aibu, kama wageni. Walipofika kwenye habari za vitambaa, aibu ikapungua. Baba na baba mdogo walikula kimya, lakini walikula kutoka sahani moja.

Giza lilipoingia, Bibi akasema watoto watalala kwake. Mkunde na Ndeshi wakapanda kitanda kimoja, chini ya blanketi moja zito. Kule mlimani Desemba ina baridi yake, na miguu ya Ndeshi ilikuwa barafu.

"Bado umenuna?" Ndeshi aliuliza kwa kunong'ona.

Mkunde akafikiri kwanza.

"Kidogo," alisema.

"Na mimi kidogo. Mpaka lini?"

"Mpaka kesho asubuhi."

Ndeshi akaona ni sawa. Akageukia ukuta, akaanza kukoroma, krrr, krrr.

Mkunde hakulala. Nje kulikuwa na moto, na Baba na baba mdogo walikuwa bado wameketi pale. Walikuwa wakiongea habari za mvua na migomba, polepole, kama watu wanaojifunza kuongea upya.

Sauti ya Baba ikauliza kitu. Kisha kimya.

Mkunde akafumbua macho gizani, akangoja.

Sauti ya baba mdogo ikajibu.

Mkunde akafumba macho. Akalala.