Makosa 4,117

Komeo lilisukumwa kutoka nje.

Bisibisi hakugeuka. Aliweka sanduku la vifaa sakafuni, akakipima chumba kwa jicho moja. Stoo ya chini ya ngazi. Dirisha hakuna. Mlango wa chuma. Seva ya nyumbani yenye ukubwa wa jokofu dogo, na kando yake kiti cha plastiki alichokalia mama mnene mwenye miwani, ambaye watu wote walimwita Shangazi. Huyo ndiye aliyekuwa akipitisha bunduki mpakani ndani ya mitungi ya gesi.

Nje ya mlango kulikuwa na mlinzi mwenye bastola ya Glock. Simu ya Bisibisi ilibaki getini.

Nusu saa kabla ya hapo, ndani ya Hilux, simu hiyo ilikuwa imelia; alikuwa mkuu wake wa upelelezi.

"Bisibisi."

"Nakusikia, Mkuu."

"Shangazi anatafuta fundi wa kompyuta. Tumeinasa simu yake. Fundi ni wewe."

"Kuna nini?"

"Mpishi ameipata orodha ya malori ya bunduki. Aliingia ofisini saa nne asubuhi. Kamera imemrekodi."

Bisibisi aliwasha gari. Mpishi alikuwa dada yake wa tumbo moja, miezi mitano sasa jikoni kwa Shangazi, na mama yao aliamini binti yake anashona mapazia.

"Saa tisa kamili video inahamishwa na kutumwa kwa wenzake Shangazi ng'ambo," Mkuu alimaliza. "Ikifika huko imetushinda."

Casio ya mkononi sasa ilisema saa nane na dakika ishirini.

Shangazi alieleza kwa upole, kama anayesimulia maradhi ya mjukuu. Asubuhi mtu alikuwa amefungua droo yake. Geti limefungwa, hatoki mtu mpaka video itazamwe. Tatizo ni seva. Ina diski moja ndogo yenye kasi inayopokea kila kitu cha siku, kisha saa tisa inavihamishia kwenye diski kubwa. Hiyo ndogo ndiyo iliyoingiwa na wazimu. Inaonekana, inapotea, inarudi tena, na kioo kinaandika makosa tu.

Asipoitengeneza, hatoki. Akiitengeneza, dada yake hatoki.

Alifungua kifuniko. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye waya wa diski, kama alivyozoeshwa utotoni kwenye karakana ya mjomba wake. Waya kwanza, diski baadaye. Mtu nadhifu kupita kiasi alikuwa ameukunja na kuufunga kwa vibano vya plastiki mpaka ukavunjika kiuno.

"Nani alizipanga nyaya hizi, Shangazi?"

"Mpwa wangu. Kwa usafi hana mpinzani."

"Usafi huo ndio ugonjwa. Diski ni nzima."

Shangazi alivua miwani, akaifuta. "Fundi aliyekutangulia alikimbilia diski. Akasema imekufa, aondoke nayo. Nimemfungia chumba cha pili. Wewe umegusa waya. Wewe ni fundi."

Bisibisi aliinamia sanduku la vifaa. Tabia ya mjomba ilikuwa imemwokoa yeye, na kumwacha dada yake mdomoni mwa simba.

Alibadilisha waya. Akawasha.

Diski ilirudi, ikatulia. Alipopitia mipangilio aliona mambo mawili. Diski ilikuwa karibu kujaa. Na programu ya kamera ilikuwa imepangwa ifute video za zamani yenyewe kila nafasi inapobana.

"Mbona makosa bado yapo?" Shangazi aligusa kioo. "4,117."

"Hiyo idadi haishuki hata ukibadilisha waya. Ni kumbukumbu ya yaliyopita. Cha kuangalia ni kama inapanda."

"Basi nifungulie video."

"Tuijaribu kwanza kwa kuiandikia mzigo mkubwa wa data. Ikianguka katikati ya video, Shangazi, utakosa yote."

Shangazi aliangalia saa kwenye kioo. "Dakika kumi."

Mzigo ukaanza kuandikwa. Kwenye pembe ya kioo, kimyakimya, video zilianza kutoweka. Ya saa kumi na mbili alfajiri. Ya saa moja. Ya saa mbili. Idadi ya makosa haikusogea. Feni ilivuma, hewa ikawa nzito, na Bisibisi akaona kuta zinamsogelea.

Ya saa tatu.

"Inatosha," Shangazi alisema. "Fungua."

Komeo likasukumwa. Mpishi aliingia na sinia la chai. Hakumtazama kaka yake. Alikitazama kioo, mara moja tu.

Shangazi alionja, akakunja uso. "Hii chai haina sukari."

"Imekwisha, Shangazi. Nikakukamulie limau?"

"Limau kwenye chai ya maziwa? Umerogwa wewe?"

Alimgombeza kwa dakika nzima. Asali hakuitaka. Maziwa yenyewe yalikuwa yameungua. Mpishi aliinamisha kichwa, akaomba radhi mara nne, na kila radhi ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia.

Ya saa nne ikatoweka.

Bisibisi akasimamisha mzigo na kufungua video. Ofisi tupu, saa tano asubuhi.

"Za nyuma ziko wapi?"

"Programu inafuta za zamani nafasi ikibana. Ndivyo ilivyopangwa, Shangazi. Hii hapa."

Shangazi alisoma mstari ule mara mbili. "Mpwa wangu," alisema, na sauti yake haikumtakia mpwa mema. Kisha akaamuru geti lifunguliwe, fundi aende zake, na Mpishi akanunue sukari kabla hajamfukuza.

Mpishi alitoka akikumbatia kopo tupu la sukari. Chini ya kopo, flashi ya orodha ilikuwa imegandishwa kwa gundi.

Hilux ilimpakia njiani, ikakata kona tatu. Hapo dada alianza kulia na kucheka kwa pamoja. "Sukari niliimwaga yote kwenye sinki," alisema. "Kilo mbili." Bisibisi alimshika mkono kwa nguvu mpaka akalalamika.

Saa kumi na robo simu ililia. Malori matatu yalikuwa yamekamatwa, lakini aliyepiga hakuwa Mkuu.

"Fundi, ni Shangazi. Nimeangalia. Bado 4,117."

"Haijapanda?"

"Haijapanda."

"Basi umepona, Shangazi."

Nyuma ya sauti yake geti lilianguka kwa kishindo, na wanaume wakapiga kelele watu walale chini. Shangazi hakukata simu. Alipumua mara moja, polepole.

"Na ule waya mpya," aliuliza, "ni mzuri kweli?"

"Mzuri, Shangazi. Huo nimekufungia kwa moyo safi."

Bisibisi alikata simu, akautoa waya mbovu mfukoni, akautupa kwenye pipa la taka, na kwenda kumnunulia mama yao mapazia.