Barua ya Mjane Isiyotaka Kimya

Shemeji yangu, yule tuliyemwita Profesa kabla hata hajawa, aliamka siku moja akanywa chai, akamtania mkewe, dada yangu, akaenda zake chumba cha nyaraka. Ijumaa ya wiki hiyo alikuwa anatetea tasnifu ya udaktari: miaka sita ya kuchimba Ulaya ya karne ya kumi na nane, riwaya zake, muziki wake, tiba zake, hadi mawigi yaliyopakwa unga. Hoja yake kuu ni kwamba barua za enzi zile ziliandikwa zisomwe kwa sauti sebuleni, mbele ya wageni. Basi naye kila barua aliisoma kwa sauti, kwa mbwembwe, mkono kiunoni.

Mama mtunza nyaraka akamletea ya mwisho, ya mjane mmoja kwa marehemu mumewe.

"Hii, mwanangu, isome kimoyomoyo."

"Mama, mwenyewe kafa miaka mia mbili na hamsini. Atanizomea?"

"Hazomei," alinong'ona. "Anasikiliza."

Profesa alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Mama akatoka.

Saa tisa mchana, jua limejaa dirishani. Akaanza. Mjane alilalamika kwamba nyumba imepoa, kwamba angetoa chochote asikie tena mwanamume akimsomea. Mstari wa tatu, mtu akavuta pumzi nyuma yake. Akageuka. Kiti kitupu. Akasoma. Pumzi tena, safari hii shingoni. Ya baridi.

Akaona isiwe tabu. Akafumba mdomo.

Sauti yake ikaendelea kusoma.

Akaubana mdomo kwa mikono miwili. Ukurasa ukajigeuza. Sauti ikaendelea, kwa mbwembwe zilezile. Alitoka mbio bila mkoba, na bila sauti.

Daktari alimmulika koo: zima kabisa. Ijumaa akasimama mbele ya maprofesa watano halisi, mdomo wazi kama samaki, hakuna kilichotoka. Wakamwahirishia hadi mwakani.

Jana mchana simu ya dada yangu ikaita. Alikuwa mama mtunza nyaraka.

"Mwanangu, njoo umchukue mumeo. Anasoma humu ndani."

"Mume wangu? Si huyu hapa anapiga pasi!"

"Najua," alinong'ona mama. "Chumba nimekifunga mwenyewe. Sikiliza."

Dada akaweka spika. Sauti ya Profesa ikamaliza sentensi, ikanyamaza. Kisha mwanamke akatamka neno moja, taratibu, kwa lugha ya kigeni.

Dada akamtazama mumewe. Profesa akaweka pasi chini, akachukua kalamu, akaandika maana yake pembeni mwa gazeti:

*Tena.*