Kipimo cha Upepo

Mkunga alikuwa anachelewa zamu ya mchana usukani ulipoanza kuvuta kushoto, katikati ya mzunguko wa sokoni, honi zikimlilia kila upande. Alisogea pembeni, akashuka na sare yake nyeupe. Tairi la mbele lilikuwa limelala chini kabisa.

"Usiliendeshe hivyo, dada, utaharibu na rimu."

Fundi wa matairi alikuwa anavuka kutoka karakana yake ng'ambo ya barabara, jeki mkononi. Mwanamume mrefu, ovaroli yake ya buluu imefuliwa mpaka ikapauka.

"Kwanza nati zilegezwe gari likiwa bado chini," alisema.

"Nizilegeze mimi?"

"Hapana. Naongea na mikono yangu, isisahau."

Mkunga alicheka bila kutaka. Fundi aling'oa msumari, akaziba kwa ndani, akalizamisha tairi kwenye beseni la maji kuona kama bado linatoa mapovu.

"Upepo uliupima lini mara ya mwisho?"

"Kumbe unapimwa?"

Fundi alimtazama kama daktari amtazamavyo mgonjwa mkaidi. "Kila mwezi, asubuhi, tairi likiwa baridi. Na la akiba usilisahau."

Basi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mkunga akawa mtu wa karakanani. Alienda na gauni la kijani, halafu lile la maua. Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, hakuweza kunyamaza.

"Mwanangu, gari hilo linaumwa nini? Na mbona linatibiwa kwa manukato?"

"Shangazi, niache."

Mwezi wa tano wa kwenda huko, fundi alimpa kipimo cha upepo, kipya, kwenye pakiti. Alimfundisha kukisoma, kuweka jeki, kutafuta mipasuko na uvimbe ubavuni mwa tairi. Mwishoni akasema, macho chini, "Sasa huna haja ya kuja mpaka huku."

Mkunga alishukuru, akaondoka, akalia kwenye taa nyekundu. Amenichoka, alijiambia. Amenifukuza kistaarabu.

Hakurudi. Simu ya fundi ilipoita aliiacha ikaita mpaka ikanyamaza, kisha akakesha na majuto. Alibadili njia ya kazini. Hata hivyo, popote alipopita na kunusa mpira wa moto, moyo ulimwenda mbio, na akajichukia kwa kugeuka kutazama.

Miezi mitatu ikapita. Ikaja barua ya uhamisho: mji mwingine, mwendo wa saa sita, aripoti Jumatatu. Jumamosi asubuhi alikagua matairi kwa ajili ya safari, na kwenye la nyuma vidole vyake vikagusa uvimbe, mgumu kama nundu. Alilitoa mwenyewe, akafunga la akiba, magoti yamejaa vumbi. Kisha akaendesha moja kwa moja hadi karakanani.

Fundi alilipapasa lile tairi. "Hili haliponi. Lingekupasukia njiani." Akaitazama mikono ya mkunga, iliyokuwa myeusi. "Umelitoa mwenyewe?"

"Si ulinifundisha ili nisije tena?"

"Nani kasema?"

"Wewe. Ulisema sina haja ya kuja."

"Kwa ajili ya upepo." Fundi alikaa juu ya rundo la matairi. "Nilitaka uje bila sababu ya gari. Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga wiki nzima, nikatoa nusu. Nikakupigia, hukupokea. Nikasema basi, nimeelewa."

Mkunga alipangusa vumbi magotini. "Jumatatu nahama."

Fundi alifunga tairi jipya, akakaza nati moja moja, akarudia tena kuzikaza ingawa zilikuwa zimeshakazwa.

"Shangazi yako yupo nyumbani?"

"Yupo."

"Nisubiri ninawe."

Alishusha mlango wa karakana mchana kweupe, siku yenye wateja kuliko zote. Kwa shangazi alikaa ukingoni mwa kiti, shati limenyooka, kucha bado nyeusi.

"Mama, nimekuja kumwomba binti yako. Nataka kumuoa."

Shangazi alimpima juu hadi chini. "Unajua kesho kutwa anahama?"

"Najua."

"Na karakana yako?"

"Matairi yanatoboka kila mahali, mama."

Shangazi akamgeukia mkunga. "Na wewe, umesikia?"

Mkunga alisogea kwenye kochi, akampa fundi nafasi ya kukaa karibu yake.